Vijana Wanakaa Tu? Tuliyojifunza Kutoka kwa Vijana wa Indonesia

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Wazee wetu, akina mama, wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi, na ninyi vijana wachache tunaowaona pale nyuma karibu na mlango, tunawashukuru kwa kufika. Tunajua leo ni siku ya soko na wengine mmeacha biashara zenu mikononi mwa majirani. Tutajaribu tusiwacheleweshe.

Katika mkutano uliopita mama mmoja aliuliza swali ambalo halikujibiwa. Alisema, "Hawa watoto wetu wanakaa tu. Asubuhi wanakaa, jioni wanakaa, kila mmoja na simu yake. Hiki kizazi kimepatwa na nini?" Watu walicheka, halafu kila mtu akaanza kutoa malalamiko yake, na kabla ya saa saba mkutano ulikuwa umepitisha azimio kwamba ukumbi wa kigango ufungwe saa za jioni ili vijana wasipate mahali pa kukaa na kupiga muziki. Sisi wa ofisi ya maendeleo tulikuwapo. Hatukupinga. Zaidi ya hapo, ni sisi tuliotoa pesa za kununua kufuli.

Vijana hawakuacha kukaa. Walihama tu. Sasa wanakaa nyuma ya maduka, pale kwa meza ya kubeti. Mnajua wenyewe, mnapita hapo.

Kwa hiyo swali la yule mama limetunyima usingizi kidogo. Tulianza kusoma na kuulizia habari za vijana wa nchi nyingine wanavyoishi siku hizi, na nchi iliyotushika zaidi ni Indonesia. Mtasema, lo, huko ni mbali, sisi na wao wapi na wapi? Ngojeni kidogo.

Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, upande ule mwingine wa Bahari Hindi. Ina watu karibu milioni 280. Sheria yao ya vijana ya mwaka 2009 inamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 16 hadi 30, na watu wa umri huo ni zaidi ya milioni 60, yaani wanatuzidi sisi Wakenya wote, wazee kwa watoto. Walio wengi ni Waislamu. Wakatoliki ni kama watu watatu katika kila mia, lakini kwenye kisiwa cha Flores ndio walio wengi, na baadhi ya mapadre wa huko wamefika kufanya kazi hapa kwetu Kenya. Mwindonesia akikujulia hali husema "apa kabar", na hiyo kabar ndiyo habari yetu. Msimu kwao ni musim, sabuni ni sabun, meza ni meja, na bendera ni bendera, hawakubadilisha hata herufi moja. Waarabu na Wareno walipita kwao kama walivyopita pwani yetu, wakaacha maneno.

Na hata lugha yao ya taifa ina hadithi inayofanana na ya Kiswahili. Wakati Waholanzi walipokuwa wakiwatawala, vijana kutoka visiwa mbalimbali walikutana mjini Jakarta, wakati huo ukiitwa Batavia, tarehe 27 na 28 Oktoba 1928. Kila kundi lilikuwa na lugha yake ya nyumbani. Wajava walikuwa wengi kuliko wote, wangeweza kusema lugha ya taifa iwe yetu. Lakini vijana wale walichagua lugha ya biashara, Kimalay, iliyokuwa ikisemwa bandarini na sokoni, wakaiita lugha ya Indonesia, wakaapa kuwa na nchi moja, taifa moja na lugha hiyo ya kuwaunganisha. Hadi leo tarehe 28 Oktoba ni siku ya kukumbuka kiapo cha vijana.

Kilichotugusa sana ni mahali walipokutania. Kikao cha kwanza kilifanyika katika jengo la chama cha vijana Wakatoliki, karibu na kanisa kuu. Kikao cha mwisho, ambacho ndicho kilichotoa kiapo, kilikuwa katika nyumba ya kupanga waliyokuwa wakiishi wanafunzi. Hebu wazieni mzee aliyekuwa akipita nje ya ile nyumba ya wanafunzi jioni ile. Bila shaka alisema, hawa watoto wanakaa tu. Lile jengo la Wakatoliki tutalirudia baadaye.

Sasa, ukitaka kuwaelewa vijana wa Indonesia wa leo, neno la kwanza la kujua ni nongkrong. Maana yake ya asili ni kuchutama, lakini siku hizi ni kukaa pamoja na wenzako bila ajenda. Hakuna mwenyekiti, hakuna katibu, hakuna saa ya kufunga. Watu wanaongea, wananyamaza, mmoja anapiga gita, mwingine anacheza mchezo kwenye simu, wa tatu anauliza kama kuna mtu amesikia kazi mahali. Ni maskani yetu hasa, ni kijiwe, lakini kwao jambo hili lina heshima yake na lina vibanda vyake.

Katika mji wa Yogyakarta, ambao una wanafunzi wengi mno, kuna mikokoteni inayoitwa angkringan. Jioni mwenye mkokoteni anawasha makaa, anaweka mabirika ya chai, na juu ya meza anapanga vifurushi vidogo vya wali na pilipili vilivyofungwa kwa jani la mgomba au karatasi. Vifurushi hivyo wanaviita wali wa paka, kwa sababu ni kidogo kama chakula cha kumpa paka. Hapo wanakaa mwanafunzi, dereva, mwalimu na mzee wa mtaa kwenye benchi moja. Katika vibanda vingine watakuletea kikombe cha kahawa nyeusi na kutumbukiza ndani kaa la moto jekundu, lilie "josss", na hilo ndilo jina la kahawa hiyo. Tusiwadanganye, hatujaionja. Kuna pia vibanda vya tambi vinavyokesha usiku kucha. Zile tambi za Indomie tunazoziona hata madukani kwetu ni za huko.

Katika miaka kumi hii kahawa ndiyo imekuwa alama ya kijana wa mjini. Kinywaji chenyewe ni kahawa yenye barafu na maziwa, iliyokolezwa sukari guru inayotokana na utomvu wa mti wa jamii ya mnazi. Migahawa mikubwa inaiuza, vibanda vidogo vinaiuza, na siku hizi vijana wanaiuza kwa mikokoteni ya betri barabarani. Hapa tunaomba wakulima wa kahawa mliomo ndani msikilize. Indonesia ni miongoni mwa nchi chache zinazozalisha kahawa nyingi kuliko zote duniani, kama vile sisi tunavyosifika kwa kahawa nzuri. Lakini sehemu kubwa ya kahawa yao wanainywa wenyewe. Sisi yetu karibu yote inapanda meli, halafu tunarudi nyumbani kunywa chai. Mkulima wa Sumatra akipata bei mbaya ng'ambo, bado yuko kijana wa Jakarta anayetaka kikombe. Mkulima wetu hana kijana huyo. Vijana wetu hawakuipenda kahawa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapikia.

Basi msifikiri kwamba kukaa huko kote ni raha. Mtu ananunua kikombe kimoja na kukikalia saa tano kwa sababu nyumbani ni chumba kimoja na wadogo zake wanalala hapo hapo, au kwa sababu kazi hakuna na pale kuna intaneti ya bure ya kutafutia kazi. Kule pia ukosefu wa kazi unawapata vijana kuliko wakubwa. Na wazee wa kule pia wanalalamika. Vijana wenyewe wamebuni neno la kujitania, mager, yaani mvivu hata wa kusogea. Kwa hiyo mama yetu asifikiri yuko peke yake.

Tuwape kisa kimoja. Pembeni ya Jakarta kuna vitongoji kama Citayam, Bojong Gede na Depok. Mwaka 2022, kati ya mwezi wa sita na wa saba, watoto wa shule na vijana wasio na kazi kutoka huko walianza kupanda treni ya abiria, ambayo nauli yake ni ndogo, kuja kukaa katikati ya jiji, mtaa wa Dukuh Atas, kwenye majengo marefu ya benki na ofisi. Walikuja wamevaa. Suruali pana, makoti, miwani, viatu vya kuazima, nguo za mitumba, kila mtu alivyojaliwa. Halafu mmoja wao akatembea kwenye kivuko cha miguu, pale penye mistari myeupe, kama wanavyotembea waonyesha mitindo wa Ulaya. Wenzake wakampiga picha. Siku chache baadaye kivuko kikawa jukwaa, na nchi nzima ikawa inatazama. Watu wazima walikuja kuona, wakubwa wa serikali walikuja kupigwa picha.

Mnajua kilichofuata? Kampuni ya mtu mmoja maarufu ilipeleka ombi la kusajili jina la maonyesho hayo ya watoto kuwa mali yake. Watu walikasirika sana na ombi likaondolewa. Baadaye wakuu wa mji waliwatawanya vijana wale kwa sababu walikuwa wanaziba barabara. Na kweli walikuwa wanaziba. Lakini ebu tuangalie: watoto wa vibarua walitengeneza kitu bila mtaji wowote, wa kwanza kukiona kuwa ni mali alikuwa tajiri, na wa kwanza kufukuzwa walikuwa wao. Sisi tukisoma kisa hicho tulilikumbuka kufuli letu.

Tumetaja mitumba. Kule pia vijana wanaipenda sana, nao wanaitafuta katika soko la Pasar Senen mjini Jakarta na Gedebage mjini Bandung, na wengine wanaifua, wanaipiga pasi na kuiuza tena kwa simu kwa bei nzuri. Tofauti ni kwamba kwao kuingiza nguo kuukuu kutoka ng'ambo ni marufuku, na mwaka 2023 serikali ilichoma marobota mengi hadharani kwa kusema yanaua viwanda vya nguo na mafundi cherehani. Wauzaji wakauliza watakula nini. Hatutaingia katika ubishi huo leo, maana tunaona akina mama wa mitumba wameanza kututazama vibaya.

Lakini akina mama wa vitenge watafurahi. Wajava tangu zamani wanachora kitambaa kwa nta ya moto na kukitia rangi, na kitambaa hicho kinaitwa batik. Katika karne ya 19 Waholanzi walijaribu kukiigiza kwa mashine na kukiuza, na biashara ile ndiyo iliyoleta vitambaa vya nta Afrika Magharibi, vikaenea hadi vikawa vitenge tunavyovaa Jumapili. Kwa hiyo kitenge chako kina babu yake Java. Kulikuwa na wakati vijana wa Indonesia waliona batik ni nguo ya harusini na ofisini, ya wazee. Mwaka 2009 batik ilipotambuliwa na UNESCO, siku ile, tarehe 2 Oktoba, ikafanywa siku ya batik. Na miaka ya karibuni wako wasichana na wavulana wanaojifunga kitambaa cha bibi zao kiunoni kama leso, juu fulana, chini raba, na kuingia hivyo kwenye treni. Hakuna aliyewalazimisha. Waliona wenzao wamependeza.

Sasa tunafika mahali pagumu.

Simu iliyowaletea picha na nguo hizo ndiyo iliyowaletea deni. Vijana wa Indonesia wana neno pinjol, limefupishwa kutoka mkopo wa mtandaoni. Unapiga picha kitambulisho, unapiga picha uso wako, na baada ya dakika chache pesa zimeingia. Tena kuna ule mpango wa kununua leo na kulipa baadaye, hata kwa kiatu, hata kwa kikombe cha kahawa. Wamechukua neno la Kiingereza lenye maana ya kupona na sasa wanalitumia kwa safari yoyote ya mlimani au ufukweni, kwamba nimechoka, nahitaji kujiponya. Kupumzika si dhambi, tuelewane. Shida ni mtu anapojiponya kwa pesa za kukopa.

Ukichelewa kulipa, wakopeshaji wasio na leseni wanafungua orodha ya namba zilizo katika simu yako. Wanampigia mama yako, mjomba wako, mwajiri wako, hata mtu uliyesoma naye darasa la sita. Je, hayo hatuyajui? Hapa kwetu yalifika mbali hadi mwaka 2022 Benki Kuu ikapewa kanuni za kuwasajili wakopeshaji wa kidijitali na kuwakataza kuaibisha watu kwa jamaa zao. Lakini ni wangapi hapa kijijini bado wanazima simu wakiona namba ngeni? Msinyooshe mikono.

Mwaka huohuo wa 2022, mwezi wa Novemba, iligunduliwa kwamba wanafunzi zaidi ya mia moja wa chuo kikuu kimoja katika mji wa Bogor walikuwa wamenaswa. Mtu mmoja aliwaambia, kopeni kwa simu, nunueni bidhaa katika duka langu la mtandaoni, nitawapa asilimia 10 na malipo ya mkopo nitayafanya mimi. Mwanzoni alilipa, baadaye akaacha. Deni lilikuwa kwa majina ya wanafunzi. Hawa ni watoto wa chuo kikuu, wanajua hesabu kutuzidi. Hawakukosa akili. Walikosa karo na pesa za chakula, na walikosa mtu mzima wa kumwuliza kabla ya kubonyeza. Na mwezi wa Januari 2024, katika chuo kingine kikubwa mjini Bandung, wanafunzi waliandamana kwa sababu waliokuwa na malimbikizo ya karo walionyeshwa njia ya kulipa kupitia kwa mkopeshaji wa mtandaoni. Kijana aliyekuja kutafuta elimu anaelekezwa kwenye riba na chuo chenyewe.

Kamari nayo ni vivyo hivyo. Nchini Indonesia kamari yote ni kosa la jinai. Hata hivyo imeingia kwa simu, kwa michezo ya picha zinazozunguka, mtu anaweka pesa kidogo kidogo hadi mshahara unaisha. Mwezi wa Juni 2024 Rais wao aliunda kikosi maalumu cha kupambana nayo. Kwao imekatazwa na sheria, kwetu imepewa leseni, na ugonjwa ni uleule.

Kuna jambo linalofanya deni hili liwe zito. Kijana wa Indonesia akipata mshahara wa kwanza, chini yake kuna wadogo wanaosoma na juu yake kuna wazazi wasio na pensheni. Wanajiita kizazi cha sandwichi, kwa sababu wamebanwa juu na chini kama kile kilicho kati ya vipande vya mkate. Mwaka 2025, mwezi wa pili, wengi walianza kuandikiana mtandaoni maneno yenye maana ya "tukimbie kwanza", wakipeana habari za kazi Japani, Ujerumani na Australia. Nasi tuna mabinti zetu Ghuba. Tuliwaaga kwa sala na harambee, wengine wamejenga, wengine tumeenda kuwapokea uwanja wa ndege ndani ya sanduku.

Je, ni nini kinawashikilia wale wasioanguka? Tulitafuta jibu kubwa, tukakuta kitu ambacho ninyi mnakifanya kila wiki. Kinaitwa arisan. Watu kumi au ishirini wanakutana kila mwezi, kila mmoja anatoa kiasi kilekile, majina yanaandikwa kwenye vikaratasi vinavyokunjwa na kutiwa ndani ya glasi, glasi inatikiswa, na jina linaloanguka ndilo linalobeba pesa za mwezi huo. Halafu watu wanakula. Ni merigoraundi yetu, isipokuwa sisi zamu tumeipanga na wao wanaiachia glasi. Akina mama wa mitaa wanazo arisan zao tangu zamani, na wafanyakazi vijana nao wanazo, ya simu mpya, ya kodi ya nyumba, ya safari. Kijana anayengoja jina lake katika glasi ana sababu ya kungoja. Na akikosa mchango wa mwezi, mtu atakayemfuata ni rafiki yake, anayejua kwamba baba yake alikuwa hospitalini.

Tena kila kijiji na mtaa una chama cha vijana kinachoitwa Karang Taruna. Kilianzishwa mwaka 1960 katika mtaa wa Kampung Melayu, Jakarta, ili kuwasaidia watoto waliokuwa wakirandaranda. Leo kipo nchi nzima. Hatutasema kila mahali kinafanya kazi vizuri. Vingine hulala mwaka mzima na kuamka Agosti. Lakini huo Agosti wanauamkia kweli. Tarehe 17 ni sikukuu ya uhuru, na ni vijana wanaopita nyumba kwa nyumba kuomba michango, wanaoandika hesabu, wanaonunua zawadi na kupaka grisi kwenye mti ambao wenzao watapanda kugombea ndoo na baiskeli zilizoning'inizwa juu. Kuna mbio za magunia na mashindano ya kula kaukau zilizofungwa kwa uzi, bila kutumia mikono. Watoto na wazee wanacheka hadi machozi. Sisi tuliona hapo jambo ambalo pengine wao hawalioni tena: pesa za kijiji kizima zimekaa mikononi mwa kijana wa miaka 19, na kesho yake anasimama kusoma alivyozitumia. Katika vikundi vyetu, ni kijana yupi amewahi kushika hata kitabu cha stakabadhi?

Na wale wa bodaboda, wao wanaita ojek. Mwaka 2010 kampuni iitwayo Gojek ilianza Jakarta na pikipiki kama 20, wateja wakipiga simu. Mwaka 2015 ikaingia kwenye programu ya simu, na koti la kijani likajaa kila mji. Mwenye koti hakuajiriwa, hana likizo, bei inapangwa na mashine. Lakini madereva walijijengea vituo vyao, kibanda cha mbao, benchi, mahali pa kuchajia simu, na hapo wakawa wanachangiana mwenzao akianguka au akifiwa. Ni nongkrong ileile, yenye daftari.

Agosti 2025 taifa liliona nguvu ya mabenchi hayo. Mwezi ule vijana na madereva wa malori walikuwa wamepandisha bendera ya maharamia kutoka hadithi za picha za Kijapani, fuvu lililovaa kofia ya majani makavu, kuonyesha kutoridhika kwao. Halafu ikajulikana kwamba wabunge wanapewa posho ya nyumba ya rupia milioni 50 kwa mwezi, zaidi ya mara tisa ya mshahara wa chini mjini Jakarta. Watu wakatoka barabarani. Usiku wa tarehe 28 gari la polisi lilimkanyaga na kumwua kijana wa ojek wa miaka 21. Kesho yake maelfu ya makoti ya kijani yalimsindikiza kaburini. Maandamano yalienea, majengo yakachomwa, watu wengine wakafa, na posho ikafutwa. Sisi Wakenya, baada ya tarehe 25 Juni 2024, hatuhitaji kuelezwa machozi hayo. Wengi wetu tulikuwa tumesema hao watoto ni wa simu tu.

Tulisema tutalirudia lile jengo la Wakatoliki la mwaka 1928. Bado lipo kiwanja kilekile cha kanisa kuu la Jakarta, limetengenezwa upya na linaitwa Grha Pemuda, Nyumba ya Vijana. Tarehe 4 Septemba 2024, marehemu Papa Fransisko alipotembelea Indonesia, aliingia humo kukutana na vijana, nao hawakuwa Wakatoliki peke yao. Karibu miaka mia moja mlango ule umekuwa wa vijana.

Basi wiki iliyopita tulikwenda kwa Baba Paroko na kwa mwenyekiti wa kigango, tukaomba jambo moja. Hatukuomba pesa. Mwenyekiti hakupendezwa, alisema viti vitavunjika. Tukamjibu kwamba mwaka jana viti vinne vilivunjwa na sisi wazee katika harusi. Alicheka, akakubali kwa miezi mitatu: ukumbi uwe wazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, taa ilipwe nusu na ofisi yetu na nusu na vijana wenyewe kwa mchango wao, na daftari la mchango huo lishikwe na mmoja wao. Kikundi cha akina mama wa kahawa kimeahidi kukaanga kilo mbili za kwanza. Mmoja wao ameuliza kama ni lazima kaa la moto litumbukizwe ndani. Tumemwambia hapana.

Ufunguo ni huu hapa. Hatujachagua wa kumpa, maana hilo si letu kuchagua. Ninyi mlio pale mlangoni, hebu ingieni mkae, kuna benchi tupu huku mbele, na mtuambie ni nani.